Siku Ile Hukupima Mafuta

Nyumba ya Tatu,
Nyuma ya Karakana.
Jumanne, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. U hali gani, na mgongo unaendeleaje? Juzi kwenye runinga nilikuona umekaa upande upande, nikajua umeacha tena mazoezi ya daktari. Sisi hatujambo, ila usingizi mimi nausikia kwa majirani tu. Mdogo anaota meno, mkubwa anauliza kila kitu. Shemeji yako mzima, bado anafanya zamu mbili.

Nimeandika kwa sababu simu yako siku hizi inapokelewa na msaidizi wako, na kila mara ananiambia unarekodi. Ninalotaka kusema si la masikio ya mtu wa tatu. Jirani yetu anasafiri kesho, atakukabidhi barua mkononi.

Kwanza, hongera. Mtaa mzima unafuata kipindi chako cha kuwatia vijana moyo. Wale vijana waliokuwa wakishinda ukutani kwetu, wawili wamejiandikisha kujifunza kuchomelea vyuma kwa sababu yako. Mama mmoja alinishukuru sokoni utadhani mimi ndiye niliyekuzaa.

Sasa nije kwa Chiriku. Mdogo wetu ameajiriwa na kampuni ileile uliyoirushia ndege za porini, na Jumamosi asubuhi anaruka peke yake kwa mara ya kwanza, kupeleka dawa kwenye vile viwanja vya vumbi. Jumapili alikuja kula kwetu. Akasimulia kwa kicheko jinsi fundi wa ndege alivyomkuta anataka kuwasha injini bila kupanda bawani kuchovya kijiti ndani ya tangi. Fundi akamwambia, "Binti, mshale wa mafuta ni kama mchumba, unakuonyesha unachotaka kuona. Panda upime."

"Ukapanda?" nikamuuliza.

"Nilipanda kumridhisha tu. Lakini dada, hayo ya kizamani. Kaka alisema rubani husikiliza chombo chake."

"Alisema wapi?"

"Kwenye kipindi, alipoeleza alivyotua mtoni. Ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa nafua nepi."

Akacheka. Mimi nikauacha mwiko chunguni.

Kaka, kisa hicho nakijua. Miaka minne iliyopita, nikiwa na mimba ya kwanza, uliketi sakafuni jikoni kwangu na mchanga wa ule mto mkavu bado shingoni. Injini haikuwa na ubovu wowote. Ulikuwa na haraka, mshale ukaonyesha nusu, hukupanda kupima. Tangi lilikuwa karibu tupu. Nesi uliyembeba alivunjika mguu, na mpaka leo anachechemea. Uliniomba nisimwambie mtu, nikanyamaza, maana ulikuwa unatetemeka. Kwa hiyo kosa hili sikutwishi peke yako.

Runingani mafuta huyataji. Injini inazimika, unasikiliza chombo chako, watu wanapiga makofi. Nikajisemea, acha apambe, hadithi haimuumizi mtu. Kumbe Chiriku yuko mbele ya runinga na daftari, anaandika.

Nilitaka kumwambia palepale nikashindwa. Akilisikia kwangu atasema ni woga. Ananiambia kila siku kwamba mimi hata ngazi naiogopa. Kwako ataamini.

Najua unahofia wakubwa wa kituo, na wale vijana wanaokuita shujaa. La kulisema runingani tutalizungumza, na nitakukumbusha mpaka uchoke, unanijua. Sasa hivi naomba moja tu. Mpigie Chiriku kabla ya Jumamosi. Mpigie mwenyewe.

Ijumaa analala kwangu. Jua likizama hujampigia, nitamweleza yote, hata ulivyolia. Asiponiamini, asubuhi nitamfuata uwanjani na mtoto mgongoni, nisimame mbele ya ndege mpaka apande bawani. Ukinikasirikia, kasirika. Siku ile redio yako iliponyamaza, nilikaa dakika arobaini kwenye benchi la ofisi yenu nikisubiri kuambiwa umekufa. Kwenye benchi lile sirudi tena, si kwa ajili yako wala yake.

Nisalimie wifi, mwambie vitenge vya mtoto vilifika na vinafaa. Wanangu waambie shangazi anawakumbuka, na yule mkorofi asinyoe nyusi tena. Baba anakusalimu, anakusifia kwa kila mtu anayekuja kumtazama.

Mungu akulinde, na kinywa chako akifanye chepesi kwa jambo hili zito.

Mdogo wako akupendaye hata ukinuna,
Mama Wawili.

Chiriku amebadilisha namba ya simu. Mpya nimeiandika nyuma ya bahasha.