Mbalamwezi ya Kwenda Sokoni

Mjukuu wangu Zaina,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Mtae hatujambo, mwanangu ameanza kusimama.

Umeuliza kama uache kujibu maswali ya Kiingereza kwa kuwa darasa lilikucheka. Hata mimi, mdogo wake bibi yako, nilichekwa. Mwalimu alitaka sentensi yenye 'moonlight'. Wenzangu waliandika kwamba mbalamwezi inapendeza. Mimi nikaandika kwamba mama huitumia kupeleka kabichi sokoni.

"Kwenu mbalamwezi ndiyo tochi?" wakaniuliza.

Sikunyoosha mkono tena mpaka nikamaliza shule.

Sasa siku za soko natoka alfajiri, mtoto mgongoni, kabichi kichwani, na mwezi unaniangazia njia yote. Hiyo ndiyo 'moonlight'. Sentensi yangu ilikuwa ya kweli.

Kesho nyoosha mkono wako, na wangu pia.

Bibi yako mdogo, Mariamu