Chupa Kumi na Nne

Shoga, yule binti mtafiti anayepima mapipa ya taka, si alianzia kwako?

Kwangu ametoka sasa hivi. Kakuta maganda ya vitunguu tu! Akanisifu: "Bibi, ungewafundisha wenzako kutumia vitu bila kuharibu mazingira." Mimi!

Nikatabasamu kama bibi harusi.

Akaongeza: "Ila jirani yako, chupa za soda kumi na nne kwa wiki!" Yaani wewe, shoga. Kumi na nne!

Sikukwambia. Kila alfajiri nilinyata na chupa zangu kwapani, mvi zote hizi, nikazitumbukiza kwenye pipa lako ili nisiaibike.

Basi alipoaga, nikamkimbilia hadi getini, kandambili mguu mmoja: "Mjukuu wangu, futa hapo kwenye daftari! Chupa zote zile ni zangu."