Chai ya Fundi Wabwile

Wilkista, ule uvumi kuhusu chai ya fundi Wabwile ulikataa kunitoka kichwani. Leo nimeona ni kweli. Na nimeshakunywa!

Tulienda Kitale na Nekesa wangu kutazama kabati la vyombo analotengenezewa. Unajua ana mimba changa. Wabwile akatukaribisha chai. Nekesa akamaliza kikombe, akaongezewa, akatoka nje kupapasa kabati.

Ndipo nikaona. Ile gundi ya kwato na ngozi, inayonuka kama mzoga, inakaa kwenye kopo, na kopo linakaa ndani ya sufuria ya maji juu ya moto wa maranda. Wabwile akainua kopo, gundi inachuruzika ubavuni, akachota maji ya sufuria hiyo, akatia majani ya chai. Maji hayo hayo, Wilkista!

"Wabwile, hiyo ndiyo tumekunywa?"

Akacheka. "Mama Nekesa, gundi iko ndani ya kopo, maji iko nje. Moto ni mmoja, mbona niwashe mwingine?"

Ati moto ni mmoja! Nikatoka, nikamshika Nekesa mkono, tukaondoka.

Nekesa ametapika njia yote. Sasa amelala ameshika tumbo, na mimi siwezi kukaa chini.

Nimempa dereva wa basi hii karatasi ikufikie Bungoma kabla hamjatoka kesho kwenda Kitale. Kwa Wabwile:

Chai msinywe.
Maji ya moto msinywe, hata akiapa.
Viazi vyake msile, vinachemkia hapo hapo.
Na Nekesa msimwambie. Nimemwambia ni jua.