Masikio Yangu na Unyoya wa Kuku

Izia,
Sumbawanga.
9 Julai 2024.

Mpendwa mdogo wangu Teodori,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu wewe, mkeo Redempta na watoto, nikitumaini kwamba joto la Tanga halijawaelemea. Hapa tunaamka na baridi ya kipupwe; mahindi yameingia ghalani, ulezi bado tunaupura. Afya ipo, ila uchovu umehamia kwangu kama mgeni asiyeaga.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, kwa sababu tangu Kwaresima sauti zenu zilinifikia kama za watu walio nyuma ya ukuta. Kisha Redempta akamweleza mke wangu Salome kwamba nawe sikio limeziba, na unalichokonoa kwa kifuniko cha kalamu. Nikasema sitanyamaza.

Unakumbuka desturi ya nyumbani: sikio likiwasha, mama huchukua unyoya wa kuku na kuusokota ndani hadi macho yalegee. Mimi sikuiacha. Kila jioni baada ya sala niliusokota unyoya wangu nikidhani nasafisha, kumbe naishindilia nta kama mtu ashindiliaye mahindi guniani.

Kilichonitia simanzi ni darasa langu la Komunio ya Kwanza. Paroko aliwahoji watoto niliokuwa nimewasikiliza sala na kuwapitisha, wakababaika hata katika Baba Yetu. Hakunigombeza. Aliniagiza nitibiwe masikio kwanza. Yasipofunguka, darasa atakabidhiwa Cleophas, kijana wa kwaya. Niliitikia kwa unyenyekevu na, sikufichi, kwa nafuu kidogo. Magoti yananiuma, mdogo wangu.

Hospitalini nilimkuta muuguzi wa masikio aitwaye Rhoda. Alipouona ule unyoya mfukoni mwangu alitikisa kichwa. "Babu, kuku umemla," akasema, "naye analipiza masikioni."

Alimulika kwa kurunzi yake ndogo, akauliza kama masikio yamewahi kutoa usaha. La kulia halijawahi. Hilo alinipa dawa ya matone ya kulainisha nta, nikaitumia siku kadhaa, kisha akalisafisha kwa bomba la maji ya uvuguvugu. Alieleza kwamba maji yakiwa baridi, mtu hushikwa na kizunguzungu. Yaliyotoka sitayaeleza, usije ukashindwa kula.

La kushoto lilitoa usaha mwaka jana, baada ya unyoya kunichoma. Hilo alikataza lisitiwe matone wala maji, akihofia kiwambo cha ndani kimetoboka. Daktari alilitazama kwa darubini na kuivuta nta polepole kwa mrija mwembamba wa mashine ya kunyonya. Tundu lilikuwapo kweli. Sikio hilo linasikia nusu tu, nami nimelipokea hivyo, nikahesabu kwamba darasa sasa ni la Cleophas.

Jumamosi iliyopita nilirudi darasani kwa mara ya mwisho, kama nilivyodhani, niwaage watoto. Nilimwita Adela, mjukuu wa jirani yetu Monika, asali Nasadiki. Alisimama wima, mikono kifuani, akaanza kwa mwendo uleule wa sala: saba mara saba, arobaini na tisa, saba mara nane, hamsini na sita. Wenzake walikuwa wameinamisha vichwa.

"Adela mwanangu," nikamwambia, "Nasadiki haina tebo ya saba."

Hakuna aliyecheka. Kisha mtoto akanong'ona, nami nikamsikia vyema: "Babu, kumbe umepona?"

Niliketi. Ndipo nilipojua ni nini nimekuwa nikikiitikia amina tangu Kwaresima.

Nakusihi, Teodori, kitupe hicho kifuniko. Nenda kwa wenye taaluma, wachungulie kwanza ndipo waguse, na kama sikio lako liliwahi kutoa usaha uwaambie kabla hawajatia kitu chochote.

Salome anakusalimu, anasema sasa nasikia hata yale asiyoniambia mimi. Wanangu Leonsi na Stumai nao wanakusalimu, na wajukuu wanakuamkia shikamoo. Bwana akulinde wewe na nyumba yako, awape kusikia vema na kutii.

Paroko amesogeza Komunio mbele hadi Oktoba, na darasa amelirudisha kwangu. Nilidhani Mungu ananifungulia mlango wa kupumzika, kumbe alikuwa akinizibua masikio nirudi kazini. Jumamosi ijayo tunaanza upya, na Ishara ya Msalaba.

Ndimi kaka yako nikupendaye katika Kristo,
Kasmir