Mrija wa Silasi

Jumapili. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na barabara yetu ya Kabeza ni matope matupu. Sijatoka.

Swali ninaloshindana nalo kwa miaka mingi ni hili: je, nilimwombea kaka yangu msamaha, au nilimwombea adhabu ambayo mahakama haikuwa nayo?

Mwaka 1992, vita vikiendelea, kaka yangu Faustini, koplo, alikuwa katika gereza la jeshi. Askari wake mmoja, Silasi, alisinzia lindoni. Faustini alimvunja taya kwa kitako cha bunduki, kisha akaendelea kumpiga akiwa chini. Mimi niliyesoma sheria niliandika ombi la msamaha, lakini Kapiteni aliyepokea maombi alitaka kwanza kujua aliyeumizwa anasemaje.

Nikaenda Kabuga na kibuyu cha urwagwa, pombe yetu ya ndizi, pamoja na mirija ya kunywea. Kwetu, waliokosana wakinywa kibuyu kimoja, neno huwa limekwisha. Mama yake Silasi alikuwa uani akitwanga isombe kwa mchi mrefu. Alitwanga hadi majani ya muhogo yakawa uji, kwa sababu mwanawe hakuweza kutafuna kitu. Nilipomnyooshea mrija, aliutazama kwa muda.

"Kwetu huu si wa pombe, binti yangu. Huu ndio kijiko chake."

Nilikiweka kibuyu chini palepale uani, pamoja na mirija yake.

Silasi alitoka ndani, meno yamefungwa kwa waya. Maneno yalipita kwa shida, lakini niliyasikia yote.

"Atoke. Akiwa ndani, mimi namfikia namna gani?"

Sikuficha kitu. Nilimweleza Kapiteni neno kwa neno, nikitumaini, nadhani, kwamba angenikatalia. Alicheka. Alisema mtu amesema atoke, basi ametoka. Mengine ni mambo ya nyumbani, na vita vinahitaji makoplo. Akatia sahihi.

Faustini naye nilimweleza, langoni mwa gereza. Tulipofika njia panda, alisimama.

"Tupitie Kabuga kwanza, dada."

Ningeweza kukataa.

Kibuyu kilikuwa palepale, hakijaguswa. Faustini aliketi kwenye kigoda, akaonja kwanza, kama inavyompasa mwenye kuleta pombe. Kisha akaweka mrija chini, mikono juu ya magoti, akainua uso. Silasi aliuchukua mchi wa mama yake kinuni.

Alimpiga mara moja, tayani. Sauti ile ilikuwa ya kuni kavu, na meno yaliangukia katika majani yaliyotwangwa. Nilipiga magoti, damu ya kaka yangu ikitiririka mpaka kwenye viwiko vyangu, na hakuna aliyenisogeza. Silasi aliuegemeza mchi ukutani taratibu, akaingia ndani, akarudi na mrija wake. Akamwekea Faustini mkononi, akamkunjia vidole juu yake.

Wakanywa, mmoja baada ya mwingine. Pombe ilikuwa nyekundu.

Nimewahi kuiita haki, na nimewahi kuiita unyama uliokubaliwa na pande mbili. Siku nyingine naamini kwamba Silasi alisamehe kabla ya kupiga. Siku nyingine, kwamba hakusamehe kabisa, bali alichoka. Ni wawili tu ambao wangeniambia. Faustini hakuweza kusema, Silasi hakutaka, na kabla taya la kaka yangu halijaunga, vita viliwachukua wote wawili.

Mvua bado. Mrija ule ninao, kwenye bilauri dirishani. Sijui niliurithi kwa nani kati yao.