Mama, Deusi Hakufika Mahakamani

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui kama habari za Igurwa zinakufikia huko. Kama hazikufikii, bora hii uisikie kwangu: nimesimama mahakamani nikasema dhidi ya Deusi, mwanao.

Ulipokuwepo, akianza kumpiga mkewe Leokadia ulikuwa unaingia katikati, naye anatoka. Tangu tukuzike hakuna wa kuingia. Wakati wa kuchuma kahawa alimvunja mkono mbele ya watoto. Leokadia akaenda Kayanga, mkono umefungwa kwa kanga, kuiomba mahakama imzuie Deusi asimkaribie.

Samansi ya kumwita Deusi mahakamani ilipoletwa nilikuwa uani kwao namenya ndizi. Deusi aliipokea, akaikunja, akaitia motoni chini ya sufuria. "Waambie sikuiona," akasema. Akacheka.

Siku ya shauri hakuja. Karani alitoka nje akaita jina lake na jina la baba, akarudia, hata watu waliokuwa wakienda sokoni wakasimama kusikiliza. Jina la baba, Mama! Nilifunika uso kwa kanga.

Tarishi aliyeileta samansi alikuwa mgonjwa. Hakimu akauliza, "Kuna aliyemwona akiipokea? Kama hakuna, naahirisha." Leokadia hakunitazama. Lakini nilijua shauri likiahirishwa angerudi kulala nyumba moja na Deusi.

Nikasimama. "Mimi nilimwona. Ni kaka yangu, tumbo moja." Mzee mmoja wa baraza, yule mliyekuwa mkisali pamoja, akainamisha kichwa.

Wakasikiliza upande mmoja, amri ikatoka: asimguse, asikanyage pale nyumbani. Akiwa na la kusema, aje mwenyewe. Hajaenda. Mwenyekiti wa kijiji alipomsomea, alichukua nguo zake akaenda Nyakatuntu kwa mjomba.

Leokadia na watoto wanalala usingizi sasa. Mimi kanisani nakaa nyuma kabisa. Shangazi ananiita msaliti, nami nakumbuka siku zako za mwisho uliponishika mkono ukasema, "Usimwache kaka yako."

Na Leokadia je, Mama? Ulikuwa ukimkanda kwa maji ya moto, kisha unamwambia anyamaze. Nami nilikuletea hayo maji, nikanyamaza vilevile. Hiyo ndiyo aibu inayoniuma kuliko ile ya mahakamani. Nisamehe kukuambia ukiwa huwezi kunijibu.

Pumzika, Mama. Deusi akija kwangu nitampikia, nitamtandikia alale. Nakuahidi. Ila akiniomba niende Kayanga nikayafute niliyosema, hilo nitamnyima.

Mwanao,
Koleta