Moto Ulioahidi Kumletea Mama

Alhamisi, 28 Aprili, Kibaha. Mvua ya masika tangu alfajiri, imekatika saa mbili. Mawingu bado.

Mdogo wangu Zuhura,

Ujumbe wako nimeupata jana. Unakuja Mei Mosi na marafiki watatu wa Ayalandi, nikupokee na pikipiki kama mwaka juzi, na nyumbani kwa mama, Masaki ya Kisarawe, jiko liwe linawaka ili mlizime pamoja. Umewaambia mama aliipenda sana sikukuu ya Beltane. Nimefungua shajara ya mwaka juzi nisije nikakusingizia.

Siku ile barabara ya Kisarawe ilikuwa tope tupu. Mimi naendesha, wewe nyuma unanipigia kelele sikioni habari za hiyo Beltane, sikukuu ya Wagaeli, watu wa kale wa Ayalandi: ng'ombe hupitishwa katikati ya mioto miwili, watu hunawa uso kwa umande, kila nyumba huzima moto wake na kuwasha mpya kutoka moto mmoja mkubwa. Tulianguka mara mbili kwenye mikorosho, tukacheka mpaka tukashindwa kuinua pikipiki. Sikatai, sijawahi kusafiri vizuri vile na mtu.

Mama alikusikiliza akimenya mihogo. "Wanaruka moto mara moja kwa mwaka? Mimi nauruka kila siku nikitafuta mwiko."

Ukamwambia mabaya ya mwaka hubaki kwenye jivu la zamani. Akakubali, kwa sababu ni wewe. Ukamwaga maji jikoni kwa mkono wako. Kisha simu ikaita, rafiki zako wa Dar. "Naenda mara moja. Alfajiri nawasha moto mkubwa hapa uani. Mama, usiwashe kabla sijarudi." Ukapanda bodaboda.

Asubuhi ya Mei Mosi jirani yetu Bi Mwanahawa alikuja na kifuu cha kubebea makaa, kama kawaida yake.

"Mama Rehema, naomba moto."

"Leo sina. Mwanangu anauleta."

"Anautoa wapi, na jua limeshapanda?"

Nilipochukua kiberiti mama alinishika mkono. "Acha. Akikuta umewasha, atajisikiaje?"

Tulikula mkate mkavu siku mbili. Siku ya tatu ukatuma picha, uko uwanja wa ndege, unaondoka. Mama akaokota kifuu, akaenda kwa Bi Mwanahawa. Tangu nipate akili sikuwahi kumwona akiomba moto. Alirudi akiukinga kwa kiganja, hakunitazama.

Novemba ile tulimzika mama bila wewe. Ulisema hukupata ruhusa kazini. Niliandika hivyohivyo shajarani, sikuongeza neno.

Lakini hili la kuwaambia watu kwamba mama aliipenda sikukuu hiyo, hili siliwezi. Mama alikupenda wewe. Sikukuu aliisubiri tu.

Nitakuja kukupokea. Wageni wako hawana kosa, watapanda bodaboda watufuate. Ila jikoni kwa mama hakuna moto wa kuzima. Mkitaka chai, kifuu kiko pale dirishani. Utakichukua wewe, si mimi wala mgeni, utakwenda kwa Bi Mwanahawa, utamwamkia, utasema, "Naomba moto." Akikuuliza ni wa nani, mwambie ni wa mama, ule uliomwahidi.

Safiri salama.

Dada yako Rehema

Saa tano kasoro robo usiku. Nimezima taa, nalala.